Daktari mkimbizi na leseni ya ugenini: dhana potofu na ukweli wake

Ukikaa na Wakongo, Warundi au Wasomali waliopewa makazi Uingereza au Marekani, hukosi kumkuta mmoja aliyekuwa daktari au nesi nyumbani, na sasa anaogesha wazee, anaendesha teksi au anabeba maboksi ghalani. Mwulize kwa nini, utapewa sababu nyingi. Baadhi ni za kweli. Nyingine ni maneno ya mtaani yaliyorudiwa mpaka yakageuka sheria.

"Vyeti vimeungua, basi udaktari umekwisha"

Hii ndiyo inayowakatisha watu tamaa mapema. Mabaraza ya madaktari hayategemei karatasi uliyobeba tu. Huwasiliana na chuo chenyewe kuthibitisha kwamba ulisoma na kuhitimu pale. Kwa hiyo kama chuo bado kipo na kumbukumbu zake zipo, omba nakala mpya au barua ya uthibitisho. Karatasi iliyobaki kwenye nyumba iliyochomwa Bukavu si mwisho wa habari.

Na kama huwezi kuwasiliana na nchi yako kabisa? Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 uliliona hilo. Ibara ya 25 inaitaka nchi iliyompokea mkimbizi imsaidie kupata hati ambazo kwa kawaida angepewa na serikali yake. Watu wengi wanaohudumia wakimbizi hawajawahi kuisoma ibara hiyo, kwa hiyo usione haya kuwatajia. Mkataba wa Lisbon wa 1997 nao unazitaka nchi wanachama ziweke utaratibu wa kupima elimu ya wakimbizi wasio na karatasi. Ujerumani, daktari aliyekosa hati si kwa kosa lake hupelekwa kwenye mtihani wa kuonyesha ujuzi. Akifaulu, ukosefu wa hati hizo za masomo haumfungii mlango. Tangu 2017 Baraza la Ulaya limekuwa likitoa pasipoti ya elimu kwa wakimbizi, baada ya mkimbizi mwenyewe kuhojiwa na wakaguzi wa vyeti vya elimu. Hiyo si leseni, lakini inakutoa kwenye hali ya mtu asiye na chochote cha kuonyesha.

"Daktari ni daktari popote, mitihani yao ni dharau"

Uchungu wake naujua. Mtu amepasua wajawazito usiku kwa taa ya tochi, leo anaambiwa akae darasani. Lakini tuutazame mtihani wenyewe. Uingereza unaitwa PLAB, una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali 180 ya kuchagua jibu kwa saa tatu, na wengi wakijisomea hawapati shida kubwa. Ya pili hufanyika Manchester: vituo 16, kila kimoja dakika nane, na mgonjwa ni mwigizaji aliyefundishwa.

Hapo ndipo watu wetu wanapoangukia. Anaingia mama mwenye maumivu ya kichwa. Ugonjwa unaujua, dawa unaijua, unamwandikia na kumwambia anywe mara tatu. Alama zimeshapotea, kwa sababu hukumwuliza yeye mwenyewe anadhani ana nini, anahofia nini, na alitarajia umsaidie vipi. Pengine mama yake alikufa kwa uvimbe wa ubongo na hilo ndilo lililomleta. Kwenye wodi yenye foleni ya wagonjwa mpaka nje ya mlango hakuna aliyekufundisha kuuliza hivyo, wala hukuwa na muda. Mtihani unapima jinsi ya kufanya kazi kwenye hospitali zao, na hilo hujifunzwa kwa mazoezi na watu waliokutangulia. Kitabu pekee hakitoshi.

"Kiingereza nakijua"

Cha kununulia vitu dukani, ndiyo. Baraza la madaktari la Uingereza, GMC, linataka wastani wa 7.5 kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza wa jumla, na usishuke chini ya 7 popote. Wengi hukwama kwenye kuandika. Kuna njia nyingine, OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, ambao huandiki insha kuhusu utalii au mazingira bali barua ya kitabibu, kwa mfano ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari mwingine. Kwa aliyesomea Lubumbashi kwa Kifaransa, mimi ningemshauri aanze na huo.

"Chukua kazi yoyote kwanza, udaktari utaurudia"

Ushauri huu hutolewa na watu wenye nia njema kabisa: ndugu, mchungaji, hata afisa wa ajira. Na ndio unaoharibu kuliko mwingine wowote. Kodi ya nyumba lazima ilipwe, sikatai. Lakini muda unakula ujuzi. Matokeo ya mtihani wa lugha kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka miwili tu. Waajiri huuliza mara ya mwisho uligusa mgonjwa lini. Marekani programu nyingi za residensi, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo, huchuja maombi kwa mwaka wa kuhitimu, na barua yako haifunguliwi hata.

Basi kama ni lazima ufanye kazi ya chini, iwe ndani ya hospitali. Msaidizi wa wauguzi anayepima presha na kusikiliza makabidhiano ya zamu yuko karibu na fani kuliko dereva anayelipwa zaidi. Omba nafasi ya kumfuata daktari wodini ukiangalia tu. Na usiende peke yako: Salford kuna REACHE, London kuna Building Bridges, na zote zipo kwa ajili ya wataalamu wa afya waliokimbia nchi zao. GMC yenyewe huwapunguzia wakimbizi ada. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi Uingereza kwa kawaida haruhusiwi kuajiriwa, lakini hakatazwi kusoma, na miezi hiyo ni mali.

"Ukifaulu mitihani, kazi unayo"

Marekani, hapana. Baada ya USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari huko, bado unagombea nafasi ya residensi, miaka mitatu au zaidi, hata kama ulikuwa bingwa kwenu. Tennessee ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwapa baadhi ya madaktari waliosomea nje leseni ya muda bila kurudia residensi, na majimbo mengine yamefuata. Masharti hutofautiana, soma ya jimbo lako.

"Nesi ni nesi, tabibu ni tabibu"

Kwa manesi hali ni nafuu: Marekani hakuna residensi ya lazima, ni kukaguliwa masomo kisha mtihani wa NCLEX. Ila nesi wa A2 wa Kongo, aliyesoma ngazi ya sekondari, mara nyingi hahesabiwi sawa na wa A1, aliyesoma chuo cha juu. Hata waliosoma juu zaidi wanaweza kuambiwa saa za afya ya akili au za watoto hazikutosha, na kulazimika kuzijazia chuoni.

Kwa afisa tabibu nitasema ukweli mchungu. Kada hiyo, inayobeba vituo vya afya Kenya na Tanzania, haina mlango wa moja kwa moja. Wanaodhani wataajiriwa Marekani kama "PA", msaidizi wa daktari anayetibu wagonjwa, wajue leseni hiyo hutolewa kwa waliohitimu programu zilizoidhinishwa huko, baada ya mtihani. Afadhali ulijue leo kuliko baada ya kumlipa wakala.

"Wanaiba madaktari wetu"

Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi 55, iliyotolewa 2023, zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Orodha hiyo inahusu waajiri wanaokwenda kuwinda watu huko. Haimzuii mtu aliyekwishafika kuomba kazi mwenyewe. Daktari aliyekimbia Goma akiwa anafagia sakafu Birmingham, Kongo haijarudishiwa daktari wake.