Fimbo, sifa na maksi za jaribio la pili

Kila mwalimu ameisikia kauli hii, na wengi wetu tunaiamini: "Waliofeli jaribio la kwanza niliwachapa, la pili wamepanda. Waliofaulu niliwasifia, wameshuka. Halafu mnaniambia fimbo haifanyi kazi." Husemwa kwenye vikao vya tathmini. Husemwa na mzazi anayemleta kijana wake ofisini: "Mwalimu, huyu bila kiboko haendi." Na safari hii, baada ya matokeo ya moko (mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa), nimeisikia kutoka kwa mwalimu wa hisabati, mtu anayefundisha takwimu Kidato cha Tatu na uwezekano Kidato cha Nne. Hapo nimechoka kunyamaza. Mwalimu huyu ana zana zote za kuona kosa lililomo ndani ya kauli yake, na ushahidi anao mezani, kwenye daftari lake la maksi.

Sibishani na maksi zake. Nakubali kwamba waliochapwa walipanda, na nakubali kwamba waliosifiwa walishuka. Ninachosema ni kwamba, tukiwachukua kama kundi, wangepanda na kushuka hata kama mwalimu asingetamka neno wala kuinua mkono.

Maksi ya jaribio moja ina mambo mawili ndani yake: anachokijua mwanafunzi, na bahati ya siku ile. Bahati ni swali la duara lililotoka wakati amelipitia jana usiku, ni homa, ni kubahatisha jibu, ni msahihishaji aliyefika karatasi ya mwisho akiwa amechoka. Ukiwachagua kumi wa mwisho, hujachagua wasiojua peke yao. Umechagua wasiojua pamoja na walioangukiwa na siku mbaya. Jaribio la pili bahati inagawanywa upya, na wale wa siku mbaya hawana sababu ya kuipata tena wote kwa pamoja. Kundi linapanda. Kwa waliofaulu sana mambo ni hayohayo, yamegeuzwa juu chini. Kwenye takwimu hali hii huitwa kurejea kwenye wastani.

Kulieleza hili kwa maneno hakumbadilishi mtu. Kwa hiyo darasani naanza na sarafu.

Kila mwanafunzi anaandika namba 1 hadi 20 kwenye karatasi. Nawaambia huu ni mtihani wa kweli na si kweli, ila maswali hayapo. Wanarusha sarafu ya shilingi mia: ukitokea upande wa Nyerere andika kweli, ukitokea wa swala andika si kweli. Kisha nasoma "majibu sahihi", ambayo nayo nimeyapata kwa kurusha sarafu. Wanabadilishana karatasi, wanasahihisha. Darasa la watu sitini litapata wastani wa karibu 10, kama unavyotarajia. Lakini kumi wa mwisho watakuwa na wastani wa 6 au 7, na kumi wa kwanza 13 hivi. Nawasimamisha wa kwanza, darasa linawapigia makofi. Wa mwisho nawaambia wajitahidi. Tunarudia mtihani.

Kumi wa mwisho sasa wanakuja kwenye 10. Inaweza kuwa 9, inaweza kuwa 11, ila wamepanda, na kupanda kutoka 6.7 hadi 10 ni kuongeza nusu ya maksi walizokuwa nazo. Kumi wa kwanza nao wameshuka kwenye 10 hiyohiyo. Siku zote kuna atakayesema makofi yamewapa kiburi, na siku zote kuna atakayesema waliokaripiwa wameona aibu wakajituma. Maelezo hayo nayaandika ubaoni kama yalivyosemwa na kuyaacha pale. Baada ya dakika chache kimya kinaingia, kisha mmoja anauliza: "Sasa mwalimu, kujituma kurusha sarafu ndiyo kufanyaje?"

Sarafu ni bahati tupu, na mwalimu mwenzangu atasema mtihani si bahati tupu. Ni kweli. Ndiyo maana hatua ya pili ni data ya wanafunzi wenyewe, na sianzi na maksi. Naanza na rula. Mmoja anaishika rula ya sentimita 30 kwa juu, mwenzake anaweka vidole kwenye sifuri bila kuigusa, inaachiwa ghafla, anaidaka. Unasoma sentimita. Aliyedaka kwenye 15 ametumia sekunde 0.175 hivi, na walimu wa fizikia watafurahi kuitoa hesabu hiyo. Kila mtu anadaka mara mbili, tunaandika safu mbili. Hapa ustadi upo, kuna watoto wepesi kweli na kuna wazito. Hata hivyo waliofanya vibaya zaidi mara ya kwanza huwa bora kidogo mara ya pili, na wepesi kupindukia hupungua. Hawafiki wote kwenye wastani kama ilivyokuwa kwenye sarafu, wanausogelea tu. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe: ustadi ukizidi bahati, kurejea kunapungua.

Safu mbili ni jambo kubwa. Fungua kitabu chochote cha takwimu cha sekondari uangalie data zake: maksi za wanafunzi 50 kwenye jedwali la marudio, tafuta wastani, tafuta kati, chora histogramu na ogivi. Safu moja, kipimo kimoja, watu wasiojulikana. Hakuna anayepimwa mara mbili. Mwanafunzi anamaliza kidato cha nne akijua kukokotoa wastani kwa kutumia wastani wa kudhania, lakini hajawahi kuona kitu kilekile kikipimwa tena na kutoa jibu jingine. Ndiye anayerudi baadaye kuwa mwalimu, na fimbo mkononi.

Kwa wanaotaka fomula: tarajio la maksi ya pili ni wastani, ongeza r mara tofauti ya maksi ya kwanza na wastani, ikiwa majaribio mawili yana wastani na mtawanyo uleule. r ni nguvu ya uhusiano kati ya majaribio hayo. Tuseme wastani wa darasa ni 34 na r ni 0.7. Waliopata 70, tarajio lao ni 34 + 0.7 × 36, yaani 59. Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani (NECTA), B imekuwa C bila mtu yeyote kulegea. Waliopata 10, tarajio lao ni 17, na hakuna aliyeguswa. Basi.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi zaidi, kwa sababu hata wanaokubali yote haya hujibu: "Sawa, lakini huenda na fimbo nayo inachangia, si wamepanda baada ya kuchapwa?" Neno "baada" ndilo linalobeba mzigo wote. Basi tulijaribu. Chukua daftari lako, chagua kumi wa mwisho wa jaribio la pili. Siyo la kwanza, la pili. Rudi nyuma uangalie walipata ngapi jaribio la kwanza. Utakuta kundi hilo lilikuwa juu zaidi. Chagua kumi wa kwanza wa jaribio la pili, rudi nyuma: walikuwa chini zaidi. Ukilisoma daftari kutoka kulia kwenda kushoto, wa mwisho "wanapanda" na wa kwanza "wanashuka", kama ulivyoona ukilisoma kutoka kushoto kwenda kulia.

Fimbo ya mwezi wa nne haiwezi kupandisha maksi za mwezi wa pili. Kama mchezo huu unaonekana pande zote mbili za wakati, basi hautokani na chochote ulichofanya katikati. Unatokana na namna ulivyowachagua. Mwombe mwalimu yeyote afanye zoezi hili na daftari lake mwenyewe, usimpe la mtu mwingine. Dakika kumi zinatosha. Sijaona hoja nyingine inayomfanya mtu anyamaze akiwa bado ameshika kalamu.

Mwanasayansi Francis Galton alilieleza jambo hili mwaka 1886, kwa vipimo vya urefu wa watoto 928 waliokwisha kukua, wa jozi 205 za wazazi, huko Uingereza. Wazazi warefu sana walizaa watoto warefu, ila kwa wastani si warefu kama wao, na wafupi vilevile kwa upande wao. Tofauti ya watoto na wastani ilikuwa kama theluthi mbili ya tofauti ya wazazi wao. Ukiigeuza data yake, watoto warefu sana wana wazazi ambao kwa wastani si warefu kama wao, na hakuna atakayesema mtoto amemfupisha baba yake. Na Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, aliambiwa na mkufunzi wa marubani wa jeshi la Israeli maneno yaleyale ya vikao vyetu: ukimsifia rubani aliyeruka vizuri, safari ijayo anaharibu; ukimfokea aliyeharibu, anarekebisha. Kahneman alichora shabaha sakafuni kwa chaki na kuwaambia wakufunzi wairushie sarafu, kila mmoja mara mbili, wakiwa wameipa mgongo. Walioikaribia mara ya kwanza wengi waliharibu mara ya pili, na walioharibu wengi waliboresha.

Kuna tafsiri moja mbovu ambayo hujitokeza kila ninapofundisha hili, na wanafunzi wenye akili ndio huwa wa kwanza kuifikia: kwamba basi wote wataishia katikati. Hapana. Mtawanyo wa jaribio la pili ni uleule wa la kwanza. Kuna wa kwanza wapya na wa mwisho wapya, waliotoka katikati. Hakuna nguvu inayowavuta watu, na bahati haina deni la kumlipa mtu. Aliyepata 10 kwa sababu hajui kuzidisha ataendelea kupata karibu na 10 hadi afundishwe kuzidisha.

Nije kwenye mashaka yangu, maana ninayo.

La kwanza, zoezi la daftari halithibitishi kwamba fimbo haina athari. Linathibitisha kwamba ushahidi unaoletwa hauonyeshi chochote, upande wowote. Huenda fimbo inapandisha maksi mbili, huenda inashusha tano, na kurejea kwenye wastani kunafunika yote. Kujua kungehitaji kundi la kulinganisha, na mimi sitachapa watoto ili nipate safu ya tatu. Nina sababu nyingine za kuikataa fimbo. Kenya waliipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Sisi Tanzania bado tuna kanuni ya 2002 inayoweka ukomo wa viboko vinne. Lakini hizo ni sababu za haki na utu, na sitaki kuzichanganya na hesabu.

La pili ni sifuri. Katika hisabati darasa zima hurundikana chini, na aliyepata 2 hana pa kushukia. Fomula yangu inadhani mtawanyo umekaa vizuri pande zote mbili, na kwenye madarasa mengi haujakaa. Mwelekeo unabaki uleule, ila namba 59 na 17 nilizotoa juu zichukue kama picha tu.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi: wasiokuja. Kumi wa mwisho wanapochapwa, jaribio linalofuata huenda wakatokea wanane. Wawili wametoroka, pengine wale dhaifu kuliko wote, na wastani wa "kundi" umepanda kwa sababu umewapoteza. Kwenye daftari ni vistari viwili tu. Kabla hujaniambia wamepanda, niambie wangapi.

Halafu maksi zenyewe. Nikifika kwenye maksi halisi natumia namba za siri badala ya majina, na najua kwamba darasa la vijana sitini linaifumbua siri hiyo kabla ya kengele. Matokeo yalishabandikwa ubao wa matangazo, kila mtu anajua nani alipata 4. Kwa hiyo natumia maksi za kidato kilichokwisha kuondoka, na hata hapo sina hakika kama mdogo wa mtu hayumo darasani akiisoma safu ya kaka yake. Rula haimwaibishi mtu. Ningeweza kuishia kwenye rula, lakini rula peke yake haimfikii mwalimu wa nidhamu.

Haki inanilazimu niseme na hili: mtego huuhuu unanasa mambo tunayoyapenda. Tunawaweka wa mwisho kwenye vipindi vya jioni au kambi ya kitaaluma, wanapanda, tunapongezana. Wangepanda. Mimi ni muumini wa vipindi vya jioni na naviendesha, na safu zangu mbili haziniambii kama vinasaidia. Njia ninayoiona ni hii: kama waliopata chini ya 30 ni arobaini na nafasi ni ishirini kwa awamu, piga kura hadharani nani aanze, wengine waingie awamu inayofuata. Mwisho wa awamu ya kwanza linganisha ishirini na ishirini. Wote walikuwa chini, wote watarejea kwa kiwango kilekile, na tofauti itakayobaki kati yao inaweza kuwa ya vipindi. Kwa watu ishirini ishirini tofauti itabidi iwe kubwa ndipo uiamini. Wazazi watauliza kwa nini wa kwao asubiri, na nafasi zilikuwa ishirini tangu mwanzo, kwa kura au bila kura.