Bradman, Headley, Tendulkar: kuwapima wapigaji wa enzi tofauti

Wataje Don Bradman na Sachin Tendulkar mbele ya wapenzi wa kriketi na ubishi utaanza hapohapo. Bradman wa Australia ana wastani wa mikimbio (alama za mpigaji) 99.94 katika mechi 52 za Testi, yaani mechi za kimataifa za siku kadhaa; Tendulkar wa India ana 53.78 katika mechi 200. Kabla ya kugombania vipaji, tukague hesabu yenyewe, maana wastani wa kriketi una mitego yake.

Wa kwanza ni kigawanyo. Mikimbio haigawanywi kwa zamu alizopiga mtu, bali kwa mara alizotolewa. Bradman alipiga zamu 80, na 10 kati ya hizo ziliisha bila kutolewa, kwa hiyo 6,996 inagawanywa kwa 70. Mpigaji wa nafasi ya tano au ya sita mara nyingi huachwa amesimama wenzake wakiwa wameisha, na mikimbio ya zamu hiyo inaingia hesabuni huku kigawanyo kikibaki palepale. Watazame Brian Lara na Shivnarine Chanderpaul, wote wa West Indies, wote wa mkono wa kushoto. Lara ana 52.88, Chanderpaul 51.37, ungedhani ni pacha. Lakini Lara alimaliza bila kutolewa mara 6 tu katika zamu 232, Chanderpaul mara 49 katika zamu 280. Gawanya kwa zamu: Lara anapata 51.5, Chanderpaul 42.4. Sisemi hesabu ya zamu ndiyo ya haki, kwani inamwadhibu aliyekosa mwenza wa kubaki naye. Ziweke zote mbili sambamba. Pengo likiwa kubwa, angalia alikuwa akipiga nafasi ya ngapi.

Sasa enzi. Njia ninayoiamini ni uwiano, na karatasi ya hesabu ya kompyuta inatosha. Chukua Testi zote zilizochezwa kati ya mechi ya kwanza na ya mwisho ya mchezaji wako. Toa mikimbio yake mwenyewe. Jumlisha mikimbio ya wapigaji wa nafasi ya 1 hadi ya 7 wa timu zote, ugawanye kwa jumla ya mara walizotolewa. Kisha gawanya wastani wake kwa namba hiyo. Mwenye 60 wakati wenzake wana 40 anapata 1.5, mwenye 45 wakati wenzake wana 30 anapata 1.5 vilevile, na hao wawili wako sawa.

Makosa mawili huharibu kazi hii. Moja ni kuingiza wachezaji wote kumi na mmoja. Warushaji wa leo wanapiga vizuri kuliko wa zamani, hivyo mkia, yaani wapigaji wa nafasi za mwisho, unakupotosha. Jingine ni kukusanya wastani wa kila mtu kisha kutafuta wastani wa hizo wastani. Aliyecheza mechi mbili anapewa uzito sawa na aliyecheza mia.

Uwiano unafuta kwa mpigo mambo yaliyowagusa wote: pichi zilizoachwa wazi zikanyeshewa, kanuni ya kutolewa kwa mguu iliyopanuliwa mwaka 1935 ili hata mpira uliotua nje ya mstari wa vijiti, upande wa ofu (ule ulio mbali na miguu ya mpigaji), uweze kumtoa mpigaji, kofia ngumu ambayo Graham Yallop aliivaa kwa mara ya kwanza katika Testi mwaka 1978. Ndiyo maana 39.04 ya Victor Trumper, aliyemaliza mwaka 1912, si namba ya kuchekwa.

Usichofuta uwiano ni wapinzani wa mtu mmoja mmoja. Hapa lazima uvunje namba vipande. Bradman alipata 201.50 dhidi ya Afrika Kusini na 178.75 dhidi ya India, Testi tano tano, na wapo wanaosema alijinenepesha hapo. Waondoe basi. Dhidi ya Uingereza peke yake, Testi 37, bado ana 89.78. Hata msimu wa 1932/33, Waingereza walipomlenga mwilini kwa mipira ya kasi, mbinu iliyoitwa Bodyline, alitoka na 56.57. Dosari yake ya kweli ni nyingine: Testi zake zote alizicheza Australia na Uingereza tu, ilhali Tendulkar alipiga katika nchi kumi. Mfano wa kinyume ni Adam Voges wa Australia, mwenye 61.87. Dhidi ya West Indies alipata mikimbio 542 akitolewa mara moja. Itoe hiyo, anabaki na 41.

Kisha jiulize namba inaweza kuyumba kiasi gani. Alama za mpigaji hutawanyika sana, kiasi kwamba mtawanyiko wake unakaribia kulingana na wastani wenyewe. Kwa hiyo gawanya wastani kwa kipeuo cha pili cha mara alizotolewa, upate kosa la makadirio. Tendulkar, aliyetolewa mara 296, anayumba kama 3. George Headley wa West Indies, mwenye 60.83 na kutolewa mara 36, anayumba kama 10, sawa na Graeme Pollock wa Afrika Kusini. Bradman anayumba kama 12. Mpunguzie makosa mawili kamili, bado yuko kwenye 76. Kwake mjadala umefungwa.

Nafasi ya pili ndiyo yenye utamu, na mimi naelekea kwa Headley. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia alikuwa na 66.72 katika Testi 19, akiwa tegemeo la timu dhaifu. Testi tatu za baada ya vita, akiwa ameshapita ubora wake, zilimpa mikimbio 55 tu na kumshusha. Atakayemchagua Tendulkar kwa sababu namba yake inayumba kwa 3 tu simlaumu.

Kwa mechi za siku moja za ova 50 (ova moja ni mipira sita), ongeza kasi: mikimbio kwa kila mipira 100, nayo pia uilinganishe na wenzake. Viv Richards wa West Indies ana wastani wa 47.00 kwa kasi ya 90.20, Desmond Haynes, timu moja, miaka ileile kwa sehemu kubwa, 41.37 kwa kasi ya 63.09. Pengo la wastani ni dogo, la kasi ni kubwa mno. Ila usiitazame kasi peke yake: Shahid Afridi wa Pakistan, aliyefikisha 100 kwa mipira 37 pale Nairobi, Oktoba 1996, alimaliza na wastani wa 23.57.