Shamba Likikatwa Bila Njia: Elimu kwa Wanunuzi wa Viwanja Pembezoni mwa Dar es Salaam

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ukiishia hapo utadhani mji umetulia, maana katika miaka kumi iliyotangulia nyongeza ilikuwa kubwa zaidi. Hamia ukurasa wa Mkoa wa Pwani: kutoka 1,098,668 hadi 2,024,947 katika muda huohuo. Mji umevuka mpaka wa mkoa. Sehemu kubwa ya wakazi hao wapya wametua kandokando ya barabara zinazotoka Dar: Kibaha, Mapinga, Kerege, Vikindu, Kisarawe. Ukijumlisha mikoa yote miwili, ni nyongeza ya watu wapatao 530 kila siku kwa miaka kumi mfululizo, yaani kaya zaidi ya mia moja kila kukicha.

Hakuna halmashauri inayopima viwanja kwa mwendo huo. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002, uliozaa mitaa iliyonyooka ya Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole na Buyuni, ulionekana mkubwa ajabu wakati wake. Kwa kasi ya sasa, idadi hiyo ya viwanja ingemalizwa na kaya mpya za mwaka mmoja hivi, hata kama nusu yao wangekuwa wapangaji. Kwa hiyo anayepanga mji kwa kweli ni mwenye shamba la mikorosho, dalali wake na wanunuzi wa mwanzo, siku wanaposimama kwenye majani na futi ya kupimia. Makala hii ni kwa ajili yao, na kwa wenyeviti wa mitaa wanaoitwa kushuhudia. Kinachosahaulika siku hiyo hakirudi ila kwa kubomoa.

Hesabu ya shamba moja

Chukua shamba la mita 60 kwa 70. Hizo ni mita za mraba 4,200, zaidi kidogo ya ekari moja. Mwenye shamba anataka viwanja kumi, na dalali anashauri njia ya miguu ya mita 2 katikati, "pikipiki inapita". Kila upande unabaki na kina cha mita 29. Ukigawa urefu wa mita 70 kwa viwanja vitano, kila kimoja kinakuwa mita 14 kwa 29, sawa na mita za mraba 406. Mnunuzi anafurahi, amepata "ishirini kwa ishirini" yake na chenji juu.

Sasa weka barabara ya mita 8 badala ya 2. Kina kinashuka hadi mita 26, na kiwanja kinakuwa mita za mraba 364. Viwanja ni kumi vilevile. Kila mnunuzi amepoteza mita za mraba 42, kama moja ya kumi ya kiwanja chake. Hiyo ndiyo bei yote ya barabara, ikilipwa mapema. Ikisubiri hadi nyumba zisimame, italipwa kwa ukuta wa mtu, kibaraza cha mwingine, na kesi ya miaka kadhaa baraza la ardhi.

Kwa nini mita 8? Lori la kunyonya majitaka au gari la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5, bila vioo vya pembeni. Njia ya magari ya mita 5 inaruhusu lori kupita na gari dogo kujibana. Mita 3 zinazobaki ni za mtaro kila upande, nguzo za umeme na bomba la maji. Ukilaza bomba katikati ya njia kwa kukosa pembeni, kila greda litakapopita kusawazisha, mtaa utakosa maji. Na kona zisisahaulike: barabara ya mita 8 yenye kona ya pembe mraba, ambapo ukuta wa kiwanja umefika hadi ncha, itamshinda dereva wa lori. Mwenye kiwanja cha kona akate ncha yake kwa mshazari, mita 3 kila upande.

Tena njia lazima iende mahali. Mashamba mawili jirani yanaweza kuwa na barabara nzuri kila moja, zisizokutana kwa sababu zimepishana mita 15. Kabla ya kukata, mwenye shamba azungumze na majirani wa pande zote: yako inatokea wapi? Mazungumzo ya nusu saa chini ya mwembe yanaokoa mengi.

Shamba likipakana na barabara kubwa, kuna kipimo kingine. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi (eneo lisiloruhusiwa kujengwa) ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kuna sehemu, kama Barabara ya Morogoro, ambako hifadhi ni pana zaidi ya hapo, na bomoabomoa ya 2017 kuanzia Kimara ilionyesha gharama ya kutojua. Usikisie kwa hatua. Waulize TANROADS, wakala wa serikali anayesimamia barabara hizo.

Maji ya mvua yatapita kwako au kwa jirani

Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50, linamwaga lita 5,000. Nyumba kumi ni lita 50,000, na bado hujahesabu nyua zilizotiwa saruji au pevingi. Mikorosho ilipokuwepo, mchanga ulikunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Sasa yote yanatafuta njia, na kwenye miteremko kama ya Goba, Kimara na Kinyerezi yanachagua palepale pasipojengwa, yaani ile njia ya miguu. Masika ya kwanza yanachimba mfereji wa kiganja. Baada ya misimu mitatu minne ni korongo, na nyumba za pembeni msingi wake uko hewani. Wakazi hujaza viroba vya mchanga, maji yakavichukua na kuvishusha bondeni, ambako vinaziba kalavati la watu wengine.

Mtaro unaofanya kazi una mambo mawili. La kwanza ni mteremko. Kwenye ardhi tambarare jitahidi upate walau mita 1 ya kushuka kwa kila mita 100. Chini ya hapo mchanga wa Dar unatua na kujaza mtaro kabla ya Mei kwisha. Kwenye mlima tatizo ni kinyume chake: maji yanakimbia na kula sakafu ya mtaro, hivyo jenga vizingiti vya mawe kama ngazi ili yapunguze kasi. La pili ni mwisho wake. Mtaro unaoishia kwenye uzio wa mtu ni ugomvi ulioahirishwa. Ufuate hadi mtoni au kwenye mfereji mkubwa, kwa miguu, kabla ya kutoa hela.

Anayenunua asiende kuangalia kiwanja Septemba peke yake. Dalali anapenda kiangazi, na ana sababu. Nenda Aprili au Mei, siku moja baada ya mvua kubwa. Ukishindwa kusubiri, soma dalili. Matete na magimbi yaliyojiotea yanaonyesha maji yako karibu na uso wa ardhi. Angalia kuta za nyumba jirani: plasta iliyobanduka na mstari mweupe wa chumvi, wote ukiwa na urefu mmoja kutoka chini, ni maji yanayopanda kutoka ardhini kila msimu, alama ya tope iliyonyooka kama iliyopigwa rula ni ya mafuriko. Mlango wa nyumba ya zamani uliojengewa kizingiti cha tofali mbili tatu haukuwekwa kwa urembo.

Kandokando ya mito kuna mstari wa kisheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ufukwe. Ukipima, kumbuka mto wenyewe unahama. Pale mchanga wa kujengea unapochotwa, kingo zinaporomoka, na kiwanja kilichokuwa mita 60 mwaka wa kununua kinaweza kuwa mita 40 baadaye. Bonde la Msimbazi limelipa gharama hii mara nyingi: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, na Jangwani ikaendelea kufurika miaka iliyofuata.

Choo kinachojaa mapema

Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku. Maji hayo yakishatumika majumbani yanageuka majitaka, na mtandao wa mabomba ya majitaka unafika sehemu ndogo tu ya jiji. Yanayobaki yanaingia kwenye shimo la uani. Ndiyo maana mtaa ambao haukuwa na shida ya vyoo huanza kulalamika mwaka mmoja baada ya kuunganishiwa bomba: shimo lilelile sasa linapokea maji mengi kuliko udongo unavyoweza kunyonya.

Tufanye hesabu ya tope peke yake, bila maji. Shimo la duara lenye kipenyo cha mita 1.2 na kina kinachotumika cha mita 2.5 linabeba lita 2,800 hivi. Kila mtu huacha kama lita 50 za tope kwa mwaka. Familia ya watu sita inalijaza kwa miaka tisa. Lakini nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake na watoto wake, inafika watu 24 bila shida. Hapo ni miaka miwili na miezi kadhaa. Mji unakua nje kwa viwanja na unakua ndani kwa vyumba, na ukuaji wa ndani ndio unaowashtukiza wenye nyumba.

Shimo likijaa na lori haliwezi kufika, kinachofuata kila mkazi wa uswahilini anakijua: watu wanasubiri mvua kubwa usiku na kutapisha choo. Tope linaingia mtaroni, kisha kwenye visima vifupi vya jirani, kisha kipindupindu. Wa kulaumiwa kwanza ni yule aliyekata njia ya mita 2.

Unapojenga, weka choo na karo upande wa barabara, siyo nyuma kabisa ya nyumba. Wengi wanaona aibu, lakini mpira wa kunyonya unahitaji kufika, na kadiri unavyorefushwa nguvu ya pampu inapungua. Jengea shimo kuta, kwa sababu mchanga wa Pwani usiojengewa huporomoka wakati wa kunyonya, na acha mfuniko unaofunguka. Watu huziba kwa zege nzito kisha wanakodi nyundo. Kati ya choo na kisima acha mita 30, pamoja na kisima cha jirani. Kwenye viwanja vya mita 14 kwa 26, umbali huo haupatikani ndani ya kiwanja kimoja. Visima na vyoo inabidi vipangwe na mtaa mzima, vyoo upande wa chini wa mteremko.

Kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita 1.5. Kujua kina cha maji ni rahisi: Mei, teremsha kamba yenye jiwe kwenye kisima cha jirani na upime sehemu kavu. Ikiwa maji yako mita 2 tu, usichimbe kwenda chini. Inua choo juu ya ngazi, au jenga tangi lisilovuja na upange fedha za kunyonya mara kwa mara.

Karatasi

Mhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mlikutana na kusaini. Hauthibitishi kuwa muuzaji ndiye mmiliki. Kwa eneo lililopimwa, omba namba ya mchoro wa mipango miji na namba ya ramani ya upimaji, uende nazo idara ya ardhi ya halmashauri uulize mambo matatu: mchoro umeidhinishwa? kiwanja hiki kimepangiwa matumizi gani? mawe ya mipaka yapo mahali pake? Viwanja vya kuchezea na maeneo ya shule huuzwa kila mwaka kwa watu walioangalia mawe bila kuuliza matumizi. Kama kuna hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Utaona jina la mmiliki, rehani na zuio, kama lipo.

Upande wa Pwani maeneo mengi bado ni ardhi ya kijiji. Huko uhamisho wa haki ya kimila unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji ikiwa kikaoni, na muhtasari wa kikao uandikwe. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi, hata akiwa mjomba wa muuzaji.

Barabara mliyokubaliana iandikwe kwenye kila mkataba, kwa mita, na mchoro wa mkono uambatishwe: "mashariki, barabara ya mita 8". Mkataba ukisema tu "imepakana na njia", mnunuzi wa tatu atasogeza uzio mita moja, wa nne ataiga, na hakuna atakayekuwa na hoja dhidi yake.

Kama mtaa umeshajengwa

Urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha mtaa uliojengwa bila mpango, bado unawezekana, ila usianze kwa kukusanya michango ya upimaji. Anzeni na njia. Kamati ipite na futi, ipime kila uchochoro, iweke alama mahali pembamba kuliko mita 4. Mara nyingi vizuizi ni vichache: ngazi, kibanda cha duka, mti, ukuta mmoja. Chagueni njia moja ya kupanuliwa, itakayofikisha lori karibu na nyumba nyingi iwezekanavyo, na muwekeane saini za kuachia ardhi kabla mpimaji hajaletwa. Mipango mingi hukwama hapa: ramani inachorwa ofisini, mstari wa barabara unapita sebuleni kwa mtu, naye anagoma, na michoro inarudi na michango ya watu imeshaliwa. Anayeachia mita zake afidiwe na wanaonufaika, kwa kiasi kilichokubaliwa kikaoni na kuandikwa. Halafu mawe ya mipaka ya barabara yasimikwe kwanza, kabla ya ya viwanja.