Kuta za Boma la Mikindani zinataka chokaa

Wageni wengi wakifika Boma la Mikindani, karibu na Mtwara kusini mwa Tanzania, huuangalia mnara, halafu hugeuka kutazama ghuba. Mimi kazi yangu ni ukarabati wa majengo ya kale, kwa hiyo huenda moja kwa moja ukutani.

Wajerumani walilijenga mwaka 1895 liwe makao ya utawala wao. Kwa mbali, na ule mnara wake wenye meno, utadhani ngome ya Ulaya. Ukisogea, vifaa vyote ni vya mwambao: mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga, boriti za mikoko. Kilwa Kisiwani walijengea misikiti kwa vifaa hivihivi karne nyingi kabla Mjerumani hajatia nanga. Hilo napenda lisemwe kila Boma linapotajwa.

Boriti ndiyo iliyoamua upana wa vyumba katika nyumba za mawe za pwani. Ikivuka mita tatu hivi hulegea, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba.

Lakini roho ya jengo ni chokaa. Matumbawe huchomwa kwenye tanuu la kuni, kisha humwagiwa maji. Yanatokota na kumumunyuka yakawa uji mweupe. Ukishapakwa, hukauka taratibu na kubaki na vinyweleo, yaani vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Kuta hizi hazina kizuizi cha unyevu chini, hivyo maji hupanda kutoka ardhini pamoja na chumvi. Chokaa huyaachia yatoke. Saruji huyafungia ndani: chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka ibanduke, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza bila mtu kuona. Dari hushuka ghafla, watu wakalaumu uzee wa nyumba.

Boma lenyewe lilichakaa vibaya baada ya kutumiwa na serikali kwa miaka mingi, hadi shirika la Trade Aid la Uingereza lilipolifufua mwishoni mwa miaka ya 1990 likawa hoteli. Nyumba za watu binafsi huko chini mjini hazijapata bahati hiyo, nazo ndizo zinazoniumiza.

Kama unayo moja, gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Panapolia utupu, saruji imeshaachana na ukuta. Bandua hapo kwanza, acha mawe yapumue kiangazi kizima, ndipo umwite fundi wa chokaa.