Kafyu na mlango uliofungwa: dhana potofu kuhusu wanaopigwa nyumbani

Kafyu ya korona, amri ya kutotoka nje usiku, ilipoanza Machi 27, 2020, geti la ploti yetu Nairobi lilikuwa likifungwa saa moja jioni. Jirani yangu alinipigia simu akiwa bafuni, mfereji umefunguliwa ili mumewe asisikie. Maneno niliyoyasikia watu wakisema juu yake bado yananiuma.

Dhana: Korona ndiyo iliyomharibu mume. Kazi ikirudi atatulia.

Wengi walipoteza kazi na hawakumwinulia mtu mkono. Jirani yangu alikuwa akipigwa tangu zamani. Kafyu ilimziba njia za kupumulia: kwa dada yake, kazini, kanisani. Simu kwa 1195, namba ya bure ya wanaodhulumiwa kijinsia nchini Kenya, zilipanda kutoka 86 mwezi Februari hadi zaidi ya 1,100 mwezi Juni mwaka huo.

Dhana: Angetaka, angeondoka.

Aende wapi saa mbili usiku na watoto wawili, polisi wako barabarani, nauli iko mfukoni mwa anayempiga? Tena, saa ya kuondoka ndiyo mara nyingi huwa ya hatari kuliko zote. Kwa hiyo usimwamrishe atoke leo. Msaidie kujiandaa: kitambulisho, vyeti vya watoto, dawa na pesa kidogo viwekwe kwa mtu anayemwamini. Usitume meseji kabla hajakwambia ni salama, maana huenda simu inasomwa. Sisi tulipatana maneno. Akiniomba chumvi, nije nibishe hodi. Akiniomba kibiriti, niite polisi. Chumvi aliiomba mara mbili. Nilisimama pale mlangoni na kikombe mkononi, nikiongea chochote, mpaka sauti za ndani zikashuka.

Dhana: Ni mambo ya mke na mume.

Sheria ya Kenya ya 2015 dhidi ya dhuluma za nyumbani inahesabu hata vitisho na dhuluma ya kiuchumi. Mahakama inaweza kuamuru mpigaji ndiye atoke, mwathiriwa abaki nyumbani.

Dhana: Hospitalini kuna virusi vya korona, afadhali angoje.

Asingoje. Aliyebakwa, hata na mumewe, huhitaji dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ndani ya saa 72, na kila saa ina uzito. Ni vizuri aende kabla ya kuoga, nguo zikiwa kwenye mfuko wa karatasi. Akiwa ameshaoga, aende vilevile.