Hakuna hataza ya Kijapani inayomzuia mama kusuka kiondo

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu: eti Wajapani wamesajili kiondo, na mama wa Machakos anayesokota mkonge pajani anavunja sheria. Si kweli. Hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya pekee juu ya uvumbuzi, hutolewa kwa uvumbuzi mpya tu, kwa kawaida hudumu miaka 20, na nguvu yake huishia katika nchi iliyoitoa. Anayedai ipo, mwombe namba yake. Sajili za hataza husomwa bure mtandaoni. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, unawatia hofu wasusi bure. Wengi huchanganya na kisa kingine: kampuni ya Uingereza iliwahi kuomba neno “kikoy” liwe alama yake ya biashara, ikapingwa, ombi likaanguka. Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi tangu 2016, na wenye haki juu ya maarifa hayo ni jamii zenyewe.