Ukitafuta Amber Valley, anza na namba ya shamba

Swali hili huletewa mara kwa mara mezani kwangu: "Babu yetu alihamia Amber Valley mwaka 1911, mbona jina la kijiji silioni popote?" Hulioni kwa sababu lilikuwa bado. Mpaka posta ilipofunguliwa mwaka 1931, mahali hapo pa Alberta, jimbo la Kanada, mashariki ya mji wa Athabasca, paliitwa Pine Creek.

Walowezi wake walikuwa Wamarekani weusi, wengi wao kutoka Oklahoma. Oklahoma ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1907, bunge lake halikukawia kutunga sheria za ubaguzi. Upande wa Kanada, serikali ilikuwa ikigawa ekari 160 kwa ada ya dola 10. Mchungaji Henry Sneed akakusanya watu, wakaondoka. Alikuwemo pia Jefferson Davis Edwards. Ndiyo, mtu mweusi aliyebeba jina la rais wa majimbo yaliyopigania utumwa. Kila nikilikuta jina hilo husita kidogo kabla ya kugeuza ukurasa.

Wazungu wa Edmonton, mji mkuu wa Alberta, walilalamika, na Agosti 1911 baraza la mawaziri la Waziri Mkuu Laurier likapitisha amri ya kuwazuia weusi kuhamia Kanada kwa mwaka mzima. Haikutekelezwa. Waliokuwa wameshafika walikuwa na kazi nyingine: msitu, vinamasi na baridi.

Sasa turudi kwenye karatasi. Nchi ilipimwa kwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba ukakatwa vipande 36 vya ekari 640, na mlowezi akapewa robo ya kipande. Namba ya robo hiyo ndiyo anwani yake. Majina huandikwa ovyo, hasa karani anapoandika alivyosikia, namba haibadiliki.

Ukiipata, omba jalada lote la shamba hilo, usiridhike na hati ya umiliki peke yake. Utamu uko kwenye kiapo alichoapa mlowezi baada ya miaka 3 ili apewe hati hiyo: ameishi hapo miezi mingapi, amelima ekari ngapi, nyumba ina ukubwa gani, ng'ombe wangapi. Chini yake kuna majirani wawili walioapa kwamba anasema kweli. Mimi huanza na hao wawili. Mara nyingi ni shemeji, kaka wa mke, au watu waliosafiri naye, na kwa majalada matano sita unaweza kuchora ukoo mzima bila kugusa kitabu cha ubatizo.

Bibi yako ndiye mgumu kumpata. Mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kuomba shamba, kwa hiyo kwenye jalada la mumewe ni "mke" tu, hana jina. Mjane mwenye watoto aliruhusiwa. Kwa hiyo ukiona jina la mwanamke juu ya fomu, tafuta kwanza mumewe alifariki wapi na lini.